Chunjua, kompyuta na swali la mama mmoja

Katika kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti ya afya, baada ya maswali tuliyoyazoea ya dawa kukosekana na barabara mbovu ya kwenda zahanati, mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alisimama akiwa na mvulana wa miaka 11. Aliuinua mkono wa mtoto ili sote tuuone. Vidole vitatu vilikuwa na chunjua, mbili kati yake zimepasuka pembeni. Alieleza kwamba amempeleka mtoto kugandishwa chunjua hizo mara nne katika kliniki moja ya kibinafsi. Kila mara alilipa upya, kila mara mtoto alilia, na kila mara chunjua zilinywea kidogo kisha zikarudi. Shuleni wenzake hawataki kumshika mkono. Sasa alikuwa amesikia redioni kwamba ziko kompyuta zinazoweza kujua mapema kama tiba itamfaa mgonjwa au haitamfaa. Akauliza: mbona kaunti yetu haina kompyuta hiyo? Na kama tungekuwa nayo, ingemwokolea pesa?

Alijibiwa kwamba suala lake litafuatiliwa. Jibu la namna hiyo huniudhi hata mimi ninayeliandika kwenye kumbukumbu za kikao. Makala haya ndiyo ufuatiliaji wenyewe.

Jibu la kifupi ni kwamba programu za kutabiri kama tiba ya ngozi itafaulu zipo, nyingi zikiwa bado katika utafiti. Kuhusu chunjua hasa, upo utafiti mmoja unaojulikana sana, na takwimu zake zimewekwa wazi ili mtu yeyote azisome. Nimezisoma. Ukiziangalia safu kwa safu, utagundua kwamba mtoto wa mama yule hayumo ndani yake. Kueleza jambo hilo kunahitaji nafasi zaidi ya dakika mbili za baraza.

Kwa nini tiba ya chunjua hubahatisha

Chunjua huletwa na virusi vya papiloma ambavyo huingia mwilini kupitia mkwaruzo mdogo wa ngozi. Virusi hivi hukaa katika tabaka la juu kabisa la ngozi, mahali ambapo kinga ya mwili huchelewa kuvitambua. Ndiyo maana chunjua inaweza kukaa miezi mingi bila homa wala dalili nyingine ya vita mwilini. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo moja kwa moja kama vile dawa ya malaria inavyoua vimelea. Tiba zilizopo hufanya moja kati ya mambo mawili: huharibu ngozi iliyoambukizwa, au huishtua kinga ya mwili iamke na kupigana yenyewe.

Kugandisha ni njia ya kwanza. Daktari hutumia nitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, na kuigusisha kwenye chunjua kwa sekunde chache. Ngozi ile huganda, hufa, hutoa lengelenge, kisha hubanduka. Njia ya pili ni kudunga ndani ya chunjua kiasi kidogo cha dondoo la kuvu aitwaye Candida. Watu wengi wamewahi kukutana na kuvu huyo, hivyo miili yao humtambua upesi. Askari wa kinga wanapokimbilia pale kumkabili kuvu, wanakutana pia na virusi vilivyokuwa vimejificha.

Iko pia asidi ya salisiliki, ambayo hupakwa nyumbani kila siku kwa wiki kadhaa na hupatikana katika maduka ya dawa. Na iko njia ya kusubiri, ambayo haipendwi na mgonjwa wala na mwenye kliniki. Kwa watoto wengi chunjua huondoka zenyewe, mara nyingi ndani ya miaka miwili, kinga ya mwili inapoamka.

(Wembe, asidi ya betri na utomvu wa mnyaa sizihesabu kuwa tiba. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona, na wembe huvisambaza virusi.)

Tatizo ni kwamba watu wawili wenye chunjua zinazofanana wanaweza kugandishwa siku moja na daktari mmoja, mmoja akapona na mwingine asipone. Mpaka leo daktari huanza na tiba moja, akisubiri aone. Kila jaribio lisilofaulu ni nauli, ada, maumivu, siku ya kazi au ya shule iliyopotea, na pengine kovu. Kwa hiyo hamu ya kujua mapema ni hamu ya haki.

Wagonjwa 180 wa Mashhad

Utafiti ninaousema ulichapishwa mwaka 2017. Ulihusu wagonjwa 180 waliofika katika kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Ghaem mjini Mashhad, Iran, wakiwa na chunjua za kawaida au za unyayo. Wagonjwa 90 walitibiwa kwa kugandishwa na 90 kwa kuamshwa kinga kwa sindano. Nani apate tiba gani iliamuliwa kwa bahati nasibu, na hilo ni jambo zuri: iwapo daktari angewachagua mwenyewe, huenda angewapeleka wenye chunjua kubwa upande mmoja, na ulinganisho ungeharibika.

Kwa kila mgonjwa watafiti waliandika mambo machache sana: jinsia, umri, miezi iliyopita tangu chunjua zianze, idadi ya chunjua, aina yake, na ukubwa wa eneo lote kwa milimita mraba. Kwa waliodungwa sindano waliongeza kipimo kimoja, yaani kipenyo cha uvimbe uliotokea mwanzoni walipojaribiwa ngozi. Safu ya mwisho ilisema tiba ilifaulu au haikufaulu. Basi. Hakuna picha, hakuna vipimo vya damu. Jedwali lote la wagonjwa 90 linaweza kutosha kwenye kurasa mbili za daftari la shule.

Watafiti kisha wakatengeneza programu inayopewa safu za mwanzo bila ile ya mwisho, nayo ikisie: huyu atapona au hatapona? Walitangaza kwamba ilipatia kwa asilimia 83.33 kwa tiba ya sindano na asilimia 80.7 kwa tiba ya kugandisha.

Mashine hujifunzaje

Watu wengi wakisikia akili unde hudhani ni kitu chenye fikra. Tuchukue mfano wa kawaida. Muuza mitumba aliyekaa sokoni miaka 20 akikuona unakuja anajua kama utanunua au unapitisha muda tu. Hakuna aliyemfundisha. Ameona wateja wengi na matokeo yao, na kichwani mwake kuna kanuni ambazo pengine hawezi hata kuzitaja. Ujifunzaji wa mashine ni kazi hiyohiyo, ila inafanywa kwa hesabu.

Programu hupewa wagonjwa ambao matokeo yao yanajulikana. Inajaribu kuwagawa: tukiwatenga walio chini ya umri fulani na walio juu yake, je, waliopona wanajikusanya upande mmoja? Vipi tukiwagawa kwa miezi? Kwa idadi ya chunjua? Inajaribu mipaka mingi kwa upesi, inabakiza ile inayotenganisha vizuri, kisha inaiunganisha kuwa kanuni: ikiwa umri ni mdogo na chunjua ni za karibuni, basi kugandisha kutafaulu. Programu ya Mashhad ilikuwa na upekee wa kukubali maneno ya kadiri. Haikusema mtu wa miaka 29 ni kijana na wa miaka 31 si kijana. Iliruhusu mtu awe kijana kwa kiasi fulani, kama sisi tunavyozungumza.

Na ndivyo jedwali la kugandisha linavyoonyesha. Umri na muda ndizo safu zenye nguvu. Wenye umri mdogo ambao chunjua zao hazijakaa sana walipona zaidi. Watu wazima waliokaa nazo miezi mingi walipona kidogo. Daktari mzoefu wa ngozi hatashangaa kusikia hivyo. Faida ya mashine hapa ni kuweka kiasi kwenye jambo ambalo daktari alilihisi.

Asilimia 83 ni nyingi au ni kidogo?

Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo wauzaji wa programu hutupiga chenga.

Kati ya wagonjwa 90 waliodungwa sindano, 71 walipona na 19 hawakupona. Sasa fikiria mashine ya kipumbavu kabisa, isiyosoma umri wala kitu chochote, inayomwambia kila anayeingia mlangoni: utapona. Mashine hiyo ingepatia kwa watu 71 kati ya 90, yaani karibu asilimia 79. Programu ya watafiti ilipata asilimia 83.33, ambayo kwa watu 90 ni watu 75. Tofauti kati ya kazi yote ile na mashine ya kipumbavu ni watu wanne.

Si kwamba watafiti walidanganya. Nambari yao waliipata kwa haki. Ila asilimia 83 ikitajwa peke yake redioni husikika kana kwamba mashine imefumbua fumbo, wakati sehemu kubwa ya ushindi huo ilitokana na ukweli kwamba sindano yenyewe ilifanya kazi kwa watu wengi. Na yule mwenye haja ya utabiri ni mmoja wa wale 19 ambao sindano haitawafaa. Mashine ya kipumbavu haimwoni hata mmoja wao.

Upande wa kugandisha hadithi ni tofauti. Waliopona walikuwa 48 na wasiopona 42, karibu nusu kwa nusu. Mashine ya kipumbavu ingepata asilimia 53 tu, sawa na kurusha shilingi. Kufikia asilimia 80.7 kutoka hapo ni kuruka kweli: ni kama watu 25 zaidi kati ya 90 wanaoambiwa ukweli mapema. Mtu mzima mwenye chunjua za miezi kumi angeweza kuambiwa, tusikugandishe bure, tujaribu njia nyingine.

Kwa hiyo programu moja, katika utafiti mmoja, ilikuwa na manufaa makubwa kwa tiba moja na manufaa madogo kwa nyingine, ingawa asilimia zake mbili zinakaribiana sana. Ukitajiwa asilimia ya usahihi, uliza mara moja: bila mashine ingekuwa ngapi?

Liko jambo jingine ndani ya nambari hizo ambalo halihitaji kompyuta yoyote. Waliodungwa walipona 71 na waliogandishwa 48, katika makundi yenye ukubwa sawa yaliyogawanywa kwa bahati nasibu. Kabla ya kutabiri lolote, jedwali tayari linasema kwamba kwa wagonjwa wa Mashhad sindano ilishinda baridi.

Mwanafunzi aliyekariri majibu

Kwa kuwa majedwali haya yako wazi katika hazina ya takwimu ya Chuo Kikuu cha California, Irvine, watafiti wa nchi nyingi wameyatumia kujaribu programu zao. Wapo waliotangaza usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Je, sayansi imepiga hatua? Pengine kidogo. Lakini kila mzazi wa mtahiniwa wa KCSE anamjua mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani iliyopita. Mpe karatasi ya zamani, atapata A. Mpe karatasi mpya, anatoka jasho.

Mashine nazo hukariri. Ili kuzipima kwa haki, wataalamu huwaweka kando baadhi ya wagonjwa ambao mashine haijawahi kuwaona, kisha huitahini kwa hao. Ugumu ni kwamba 90 ni wachache. Ukiwagawa katika mafungu kumi, kila fungu lina watu tisa, na mtu mmoja akibadilika matokeo ya fungu hilo yanapanda au kushuka kwa asilimia 11. Na watu mia wakijaribu mbinu mia kwenye jedwali lilelile dogo, baadhi watapata alama nzuri kwa bahati tu. Mtihani wa kweli ni kuipeleka programu katika hospitali nyingine, kwa wagonjwa wengine, na kuona kama inapatia kama ilivyopatia nyumbani.

Nani hayumo kwenye jedwali

Turudi kwa mvulana wetu. Ana miaka 11. Katika majedwali yote mawili ya Mashhad, mgonjwa mdogo kuliko wote ana miaka 15. Mashine haijawahi kuona mtoto wa shule ya msingi, ingawa chunjua ni ugonjwa wa watoto wa shule kuliko mtu mwingine yeyote. Ukiiandikia 11 haitakataa. Haitasema samahani, sijui. Itachukua kanuni ya vijana, iivute chini hadi kwa mtoto, na itoe jibu kwa sauti ileile ya uhakika. Mwalimu wetu wa uandishi wa habari chuoni alitufundisha kwamba chanzo hatari zaidi ni kile kisichojua mipaka yake. Alikuwa akizungumzia watu.

Muda pia. Safu ya miezi inaishia 12. Mvulana huyu ana chunjua kwa zaidi ya mwaka.

Halafu kuna mambo ambayo jedwali halina safu yake kabisa. Halina safu ya hali ya kinga ya mwili. Kwetu Kenya hilo si jambo dogo, kwa sababu mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata chunjua nyingi na sugu, na tiba inayotegemea kuamsha kinga haiwezi kutarajiwa kufanya kazi kwake sawasawa na kwa mtu mwingine. Halina safu ya asidi ya salisiliki, wala ya walioachwa wasubiri. Kwa hiyo mashine inaweza kukuambia kama sindano itafaulu, lakini haiwezi kukuambia kama chunjua ingeondoka bila sindano.

Na safu ya matokeo ina majibu mawili tu, ilifaulu au haikufaulu. Baridi ya nitrojeni huua pia chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha baka jeupe, au doa jeusi zaidi, kwa miezi na wakati mwingine daima. Msichana aliyepona chunjua ya shavuni akabaki na baka jeupe ataandikwa kwenye jedwali kuwa tiba ilifaulu. Yeye mwenyewe anaweza kuwa na maoni mengine. Mashine hutabiri kile tu ilichoulizwa, na aliyeitengeneza ndiye aliyechagua swali.

Suala la rangi ya ngozi limeonekana wazi zaidi katika aina nyingine ya programu, zile zinazotazama picha na kutaja ugonjwa. Hizo zisichanganywe na hizi za kutabiri tiba: moja husema una nini, nyingine husema utapona kwa nini. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanya picha 656 za magonjwa ya ngozi yaliyothibitishwa kwa kipimo cha maabara, wakahakikisha watu wenye ngozi nyeusi wamo kwa wingi, kisha wakazijaribu programu zilizokuwa zikisifiwa. Zilifanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Sababu kubwa haikuwa fumbo: zilijifunza kwa picha ambazo nyingi ni za watu weupe.

Mahali ambapo utabiri huu una uzito mkubwa

Chunjua ni mfano mwepesi kuueleza, ila fedha nyingi za utafiti ziko kwenye psoriasi, ugonjwa unaofanya ngozi itoe magamba na kuwasha, na ambao hauambukizwi kwa kugusana. Wagonjwa wenye hali kali hudungwa dawa za kibayolojia, ambazo ni ghali mno na ambazo humfaa mmoja zikamshinda mwingine. Huko Uingereza na Ayalandi maelfu ya wagonjwa wamesajiliwa katika daftari moja la kitaifa linalofuatilia dawa waliyopewa na kilichowapata. Kutokana na daftari hilo ilibainika mwaka 2019 kwamba kurithi au kutorithi aina moja ya jeni kunasaidia kukisia ni ipi kati ya dawa mbili maarufu itakayomfaa mgonjwa. Kazi kubwa ilikuwa kutunza kumbukumbu za maelfu ya watu kwa miaka, kwa uaminifu. Kompyuta ilikuja baadaye.

Ndiyo maana nadhani swali la mama yule, mbona kaunti haina kompyuta hiyo, lina swali jingine chini yake. Tungeinunua leo, ingejifunza kwa wagonjwa gani? Katika zahanati nyingi, mgonjwa wa ngozi huandikwa kwenye kitabu kwa neno moja: ngozi. Haandikwi ana chunjua ngapi, tangu lini, alipewa nini, wala kama alirudi akiwa amepona. Mgonjwa asiyerudi tunadhani amepona. Huenda amekata tamaa au amekosa nauli.

Sheria inasema nini

Kwa sasa hakuna kituo cha afya cha kaunti kinachotumia programu ya kumchagulia mgonjwa tiba ya ngozi. Lakini programu za aina hii zitakuja, na baadhi tayari zinauzwa kwa kliniki za kibinafsi na moja kwa moja kwa wenye simu. Mkazi anapaswa kujua haki zake kabla hazijafika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa kwa kutegemea mashine pekee. Kwa lugha ya kliniki: ukiambiwa kompyuta imesema hufai tiba fulani, unayo haki ya kudai binadamu auangalie uamuzi huo upya. Ipo pia Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023, inayosimamia namna rekodi za wagonjwa zinavyowekwa na kutumiwa katika mifumo ya kompyuta. Ukiona picha ya ngozi yako au rekodi yako imetumiwa bila idhini, malalamiko hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na kama kliniki inakuuzia utabiri, uliza bila haya. Ilijifunza kwa wagonjwa wangapi? Wa nchi gani, wa umri gani, wenye ngozi ya rangi gani? Imejaribiwa mahali pengine? Ikikosea, nani atanirudishia ada? Asiyeweza kujibu anakuuzia bahati nasibu.

Kabla ya utabiri, jina la ugonjwa

Programu ya Mashhad ilianza na wagonjwa ambao daktari alikwisha kusema wana chunjua. Haikuulizwa kama ni chunjua kweli. Kwa watu weusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hujitokeza mara nyingi kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali palepale ambapo watu hudhani ni chunjua, sugu au jeraha la kiatu. Mwanamuziki Bob Marley aliipata kwenye kidole cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira, na akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Alama nyeusi inayopanuka, yenye kingo zisizo sawa, inayotoa damu au kidonda kisichopona kwenye unyayo isipakwe dawa ya chunjua wala kugandishwa kabla haijatazamwa na daktari.

Niliwasilisha habari za mvulana yule kwa kitengo cha ngozi cha hospitali yetu ya rufaa, na mama akaombwa amlete. Walithibitisha ni chunjua za kawaida. Wakashauri kugandisha kusimame kwanza, chunjua zilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu kila jioni, zipakwe asidi ya salisiliki, zifunikwe kwa plasta, na arudi baada ya wiki 12. Walimweleza mama kwamba huenda zikaondoka hata kabla ya hapo, na kwamba hakuna anayeweza kumwahidi. Mama aliniambia kwamba hilo la mwisho ndilo lililomridhisha zaidi, maana kule kwingine kila mara aliahidiwa.

Kwa mkazi mwenye tatizo la ngozi lisilopona, anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, upewe barua ya rufaa iwapo itahitajika. Njoo na karatasi uliyoandika mambo haya: umri wako, mwezi tatizo lilipoanza, ziko ngapi na ziko wapi, ukubwa wa ile kubwa kuliko zote, kila tiba uliyojaribu na kwa wiki ngapi, na kilichotokea baada yake. Dawa za kienyeji nazo uziandike. Karatasi hiyo abaki nayo daktari kwenye faili lako, na nakala ukae nayo wewe.